Kunakili Karamu ya Mwisho kwa rangi za mafuta: nianzie wapi?

*Swali:* Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, nipo Mwanza, naandika mabango ya saluni na maduka ya dawa kwa rangi za makopo. Sasa nataka kujifunza rangi za mafuta, zile za wachoraji, na nimeamua nijifunze kwa kunakili Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, kwa kuwa nimekua nikiiona sebuleni kwa bibi. Nimenunua kasha la tyubu 12, nikapakua picha yake kwenye simu, na nimejaribu mara mbili. Ya kwanza ilitoka kali kama bango. Ya pili nikatia nyeusi ili ifubae, ikawa tope. Nitumie rangi gani kupata ule ufifio? Na watu 13 naanzaje nao bila kupotea, au nimejitwisha gunia nisiloliweza? Fundi mmoja hapa ananiambia kunakili si usanii hata kidogo.

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Gunia utalibeba, ila si kwa safari moja. Na kabla hatujagusa rangi nikuulize kitu: unanakili picha ipi? Maana Karamu za Mwisho ziko nyingi. Ile ya sebuleni kwa bibi, iwe ya karatasi, ya kapeti la ukutani au ya saa, ilitiwa rangi na mchapaji kwa kadiri ya wino aliokuwa nao. Hiyo uliyoipakua kwenye simu nadhani ni ukuta wenyewe ulivyo leo. Na ukuta ulivyo leo sicho alichokiacha Leonardo alipofuta brashi yake. Tope lako limetoka hapo, kwa hiyo nivumilie kidogo nikupe habari za ukuta.

Leonardo aliifanya kazi hiyo kati ya 1495 na 1498, kwa agizo la mtawala wa Milano, Ludovico Sforza, katika chumba cha kulia cha watawa Wadominiko wa Santa Maria delle Grazie. Ni picha ya sentimita 460 kwenda juu na 880 kwenda upana. Desturi ya Italia ya wakati ule ilikuwa fresko: unapiga lipu mbichi sehemu ndogo, unachora juu yake kwa rangi za maji kabla haijakauka, na chokaa ikishakauka inaikamata rangi isibanduke. Fresko haingoji mtu. Uliyoyachora asubuhi huwezi kuyarudia jioni. Leonardo hakuwa mtu wa namna hiyo. Matteo Bandello, aliyemwona akiwa kazini, ameandika kwamba kuna siku alichora tangu alfajiri mpaka jua likazama bila kula, halafu akakaa siku kadhaa hagusi kitu, anakuja tu kusimama saa moja au mbili akiitazama kazi yake. Siku nyingine alikuja mbio mchana wa jua kali, akaweka mpigo mmoja au miwili, akaondoka.

Ili apate uhuru huo, aliuandaa ukuta ukiwa mkavu na kuuchora kwa rangi zilizokorogwa kwa yai na mafuta, kama mtu anayechora ubao. Uhuru aliupata, na ukuta ukamlipisha. Rangi haikushika. Mwaka 1517, yeye mwenyewe akiwa bado hai, mgeni mmoja alikwisha kuandika kuwa picha inaharibika. Mwaka 1566 Vasari, mwandishi wa habari za maisha ya wachoraji, aliona madoa tu. Mwaka 1652 watawa wakatoboa mlango katikati ya ukuta, miguu ya Yesu ikaenda na matofali. Kisha wakaja watengenezaji, karne baada ya karne, kila mmoja akipaka rangi yake na gundi yake juu ya ya mwenzake. Agosti 1943 mabomu yaliangusha paa na ukuta mmoja wa chumba hicho, picha ikanusurika nyuma ya mifuko ya mchanga. Mwishowe, kuanzia miaka ya 1970 mpaka 1999, Pinin Brambilla Barcilon na wenzake walikaa na hadubini na visu vidogo vya daktari wakiondoa mikono ya watu wengine, sentimita kwa sentimita. Pale ambapo rangi ya Leonardo ilikuwa imekwisha kabisa hawakubuni. Walijaza rangi ya maji iliyotulia, jicho lipite bila kujikwaa.

Kwa hiyo huo unaouita ufifio ni vitu vitatu vilivyolaliana. Kuna utulivu ambao Leonardo aliutaka mwenyewe: rangi zilizozimwa kidogo ili nyuso na mikono zisikike. Kuna uchakavu, yaani rangi iliyobanduka na kuacha ukuta uchungulie. Na kuna viraka vya watengenezaji. Ukiutazama ukuta kwenye simu vyote vitatu vinaonekana kitu kimoja cha kijivu-kahawia, na wewe ukachukua nyeusi ukavinakili vyote kwa pamoja. Unachotakiwa kunakili ni cha kwanza tu. Mwanafunzi akinakili uchakavu anajifunza kuchora ukurutu.

Cha kwanza utakionaje, na kimefunikwa? Bahati nzuri wapo waliotutangulia. Kati ya 1515 na 1520 hivi, Giampietrino, aliyekuwa mmoja wa watu wa karakana ya Leonardo, alifanya nakala kubwa, karibu mita 8 kwa upana, kwa rangi za mafuta juu ya turubai. Royal Academy ya London iliinunua mwaka 1821 na bado ni yao. Sehemu ya juu imekatwa, lakini miguu ya Yesu imo, na kidau cha chumvi alichokiangusha Yuda kwa mkono wake kinaonekana wazi. Zingatia hilo: yeye naye alijifunza kama unavyotaka kujifunza wewe, ukuta uleule, kwa mafuta yaleyale. Picha yake iko mtandaoni kwa ukubwa wa kuona nyuzi za turubai. Ukuta wenyewe nao ulipigwa picha mwaka 2007 kwa pikseli bilioni 16. Nenda steshenari ukachapishe zote mbili kwa karatasi kubwa isiyong'aa, uzibandike ubavu kwa ubavu. Ukuta utakufundisha nyuso na jinsi mwili ulivyogeuka. Nakala itakufundisha rangi na mwanga. Simu iweke mfukoni, kwa sababu kioo kinatoa mwanga na turubai haitoi. Utakuwa unashindana na taa.

Sasa rangi zenyewe, na tuanze na jina, maana limewapoteza wengi. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta watakupa kopo la rangi ya milango, ile unayoandikia mabango. Ni rangi nzuri. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata walijenga mtindo mzima juu ya rangi ya namna hiyo, na mng'ao wake ukawa sehemu ya mtindo huo. Lakini imetengenezwa ifunike mara moja, ing'ae, na ikauke kesho. Rangi ya tyubu imetengenezwa ichelewe, na kuchelewa huko ndiko unakokununua. Kwa rangi ya tyubu unaweza kuulainisha ukingo wa shavu leo, na kesho asubuhi bado inakusikiliza. Mkono wa mwandika bango umezoea mpigo mmoja, safi, usirudie. Huo ni ufundi, usiuache, utakufaa kwenye mikunjo ya kitambaa cha meza. Kwenye nyuso lakini itabidi ujifunze kurudi.

Kasha la tyubu 12 ulilonunua, toa sita, zilizobaki zifungie kabatini. Ubaki na oka ya njano, nyekundu ya udongo, ultramarini (buluu), amba iliyochomwa (kahawia), nyeusi ya mfupa na nyeupe ya titaniamu. Majina kwenye tyubu hubadilika kiwanda kwa kiwanda, kwa hiyo soma namba ndogo ya kiini: PY43 au PY42 kwa oka, PR101 kwa nyekundu, PB29 kwa ultramarini, PBr7 kwa amba, PBk9 kwa nyeusi, PW6 kwa nyeupe. Kama tyubu haina namba yoyote, hiyo ni ya watoto wa shule, na haitakutendea haki. Angalia sita hizo: nne ni udongo na mfupa uliochomwa tu. Kati yake hakuna inayopiga kelele isipokuwa ultramarini. Ukichanganya zenyewe kwa zenyewe huwezi kupata bango hata ukitaka, na nusu ya tatizo lako inaishia hapo.

Nusu ya pili ndiyo nyeusi. Ukitia nyeusi kwenye nyekundu, unaiua. Inapoteza mwanga na inapoteza jina lake, haijulikani tena ni nyekundu au ni kahawia. Rangi hutulizwa kwa kutiwa chembe ya ile inayopingana nayo. Fanya hivi, leo hii kama unaweza. Weka nyekundu ya udongo kiasi cha punje ya harage. Ongeza oka nusu ya hiyo. Changanya kwa kisu, si kwa brashi. Sasa gusa ultramarini kwa ncha ya kisu, kiasi kile kinachobaki kwenye ncha tu, changanya tena. Utaona nyekundu inashuka, kama mtu aliyepunguza sauti bila kunyamaza. Gawa fungu hilo mara tatu: moja liache, moja litie nyeupe kidogo na oka, moja litie amba. Hapo umepata kanzu ya Yesu, mwangani, katikati na kivulini, na nyeusi hukuifungua.

Usiniamini mimi. Chukua kipande cha kadibodi ya kijivu, toboa tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, liweke juu ya kanzu hiyo kwenye karatasi yako. Ndani ya tundu utaona rangi ya tofali. Ondoa kadibodi: nyekundu. Hakuna kilichobadilika isipokuwa majirani. Sogeza tundu kwenye kitambaa cha meza unachokiita cheupe, utakuta kijivu chenye joto, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mtu anayenakili kwa mazoea anaona meza nyeupe, anakamua titaniamu, na kuanzia hapo kila rangi lazima ipige kelele ili ishindane na nyeupe hiyo. Bango lako la kwanza lilianzia kwenye kitambaa cha meza, naweza kuapa.

Nyeusi ya mfupa sijaiacha kwenye kasha bure, ina kazi yake. Changanya na oka, upate kijani kimya cha majoho. Changanya na nyeupe uiweke kando ya hiyo nyekundu ya tofali, jicho litaiona kama buluu. Jaribu. Mara ya kwanza niliyoona hivyo nilidhani brashi yangu ilikuwa chafu. Kwa hiyo ultramarini itunze kwa ajili ya joho la Yesu na sehemu chache nyingine, buluu zilizobaki nyingi uzifanye kwa nyeusi na nyeupe. Yeye atakaa katikati akiwa na buluu ya kweli, na watazamaji hawatajua kwa nini macho yao yanarudi kwake.

Na tope? Tope ni rangi tano kwenye brashi moja. Usizidi nne pamoja na nyeupe, na uwe na brashi ya giza na brashi ya mwanga, zisikopeshane.

Tuje kwa watu 13. Umewahi kununua nyanya sokoni: hununui moja moja, unanunua fungu. Leonardo naye amepanga mafungu ya watu watatu watatu, mawili kushoto, mawili kulia, na Yesu peke yake katikati kama pembetatu. Kutoka kushoto kwako: Bartholomayo, Yakobo wa Alfayo na Andrea. Kisha Yuda, Petro na Yohana. Upande wa pili Tomaso, Yakobo na Filipo. Mwisho Matayo, Tadeo na Simoni. Yesu amekwisha kusema kuwa mmoja wao atamsaliti, na maneno yanatoka kwake kama wimbi linalopiga fungu la kwanza, linarudi, linapiga la pili. Finya macho mpaka nyuso zipotee. Utabaki na madoa matano juu ya ukanda mmoja mweupe. Hayo madoa matano ndiyo picha, na ukiyaweka sawasawa hata nyuso zikiwa mbovu mtu ataitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Wewe mwandika mabango unalijua hilo kuliko wachoraji wengi wa shuleni: herufi husomwa kwa umbo lake la nje.

Usianze na yote. Anza na fungu moja, Yuda, Petro na Yohana, kwenye ubao wa sentimita 50 kwa 60. Nimelichagua kwa sababu lina kila shida unayoweza kukutana nayo. Lina uso ulio kivulini, wa Yuda, aliyejivuta nyuma na mfuko wake mkononi. Lina uso ulio mwangani, wa Yohana, ameinamisha kichwa na mikono ameifumbata. Na kati yao kuna Petro anayepita nyuma ya Yuda kumnong'oneza Yohana, mkono wa kushoto begani kwa Yohana, wa kulia umepinda nyuma ya kiuno ukiwa na kisu. Mkono huo wa kisu umewatesa watu miaka 500. Ukiuchora bila kuuelewa unaonekana hauna mwenyewe, na wapo waliodai kabisa ni wa mtu wa 14. Leonardo aliuchora kwanza pembeni kwenye karatasi, na karatasi hiyo ipo mpaka leo Windsor, Uingereza. Fanya kama yeye. Mwombe kaka yako asimame, apinde mkono nyuma ya kiuno ameshika kijiko, achungulie mbele kama anayemnong'oneza mtu. Mpige picha, mchore mara tatu kwa penseli. Baada ya hapo hutakuwa unanakili mkono, utakuwa unaujua.

Ubao: hadibodi, upande laini uliopigwa msasa, mikono miwili ya jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia ubao. Kwa zoezi tu hata rangi nyeupe ya maji ya ukutani isiyong'aa inafaa. Usichore juu ya rangi ya mlango inayong'aa, haitashika, na utarudia kosa la Leonardo bila kipaji chake. Ukipenda kitambaa, amerikani nzito iliyovutwa vizuri kwenye fremu ni kitambaa tosha.

Piga miraba, sita kwa tano, kwenye karatasi yako na kwenye ubao, uhamishe michoro mraba kwa mraba. Hili mabango yamekwisha kukufundisha. Kisha uue weupe wa ubao: amba kidogo iliyolegezwa kwa tapentaini, paka, futa kwa kitambaa, ibaki rangi ya karatasi ya kaki. Tumia tapentaini au waiti spiriti, madirisha wazi. Thina ya gereji iache gereji, inakula tabaka la chini na inakula mapafu.

Ubao ukikauka chora fungu lote kwa amba na nyeupe pekee, hakuna rangi nyingine. Tayarisha ngazi tano za mwanga kabla hujaanza, kuanzia amba tupu mpaka kile cheupe cha maziwa-chai, uziweke kwa mstari kwenye kibao. Kila sehemu ya picha lazima iingie kwenye moja ya hizo tano. Mwanga unatoka kushoto, upande ule ule ambao chumba cha watawa kilikuwa na madirisha yake ya kweli, na hiyo si bahati. Ule uso wa Yuda, ingawa macho yanakuambia ni uso na uso ni mweupe, weka ngazi ya pili kutoka gizani. Utasita. Weka. Hapa ndipo asilimia kubwa ya kujifunza kwako kutatokea, na ndiyo hatua ambayo wanafunzi wangu wote hutaka kuiruka kwa sababu inafanana na picha isiyokwisha. Kaa nayo wiki mbili. Simama mbali nayo uitazame, kama Leonardo. Kama watu watatu hawaonekani vizuri kwa kahawia, hakuna nyekundu itakayowaokoa.

Acha ikauke. Amba hukauka upesi, lakini nyeupe ya titaniamu huchelewa, kwa hiyo hesabu wiki moja au zaidi kwa unyevu wa ziwani huko kwenu. Rangi za mafuta hazikauki kwa maji kuruka kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya linsidi yaliyokorogewa rangi hizi yanavuta hewa na kugeuka kuwa ngozi ngumu. Ndiyo maana mafuta ya kupikia si mbadala. Mawese yatabaki mawese, na picha itanasa vumbi la mtaa mzima. Na ndiyo maana tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi, isiwe kinyume. La chini likiwa nono linaendelea kujivuta huku la juu limekwisha kuwa gumu, linapasuka. Nasema kwa uchungu. Nakala yangu ya kwanza ya picha hii nilimfanyia paroko mmoja, nikakoroga linsidi nyingi tangu siku ya kwanza kwa kuwa ilikuwa inateleza vizuri. Mwaka wa pili uso wa Petro ulipasuka kama tope la bwawa lililokauka. Paroko alidhani ni ishara. Niliichukua nikairudia bure.

Juu ya kahawia iliyokauka ndipo uje na rangi zako, nyembamba, ukiiacha kazi ya chini ionekane kama mwili chini ya kanga. Kwenye kivuli paka nyembamba zaidi, hata utumie kitambaa kuipunguza. Kwenye mwanga ndipo rangi iwe nene kidogo. Kingo za vazi zinazokutana na giza zilainishe kwa brashi kavu safi, mpaka usiweze kusema nywele za Yuda zinaishia wapi. Kingo za mikono na kisu zibaki kali. Ukilainisha kila kitu utapata moshi, ukiacha kila kitu kikali utarudi kwenye bango. Chagua kali nne au tano tu katika fungu zima.

Matambara uliyofutia linsidi usiyakunje ukayatupa pembeni. Yanapokauka yanatoa joto, na yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe usiku. Yatandaze nje kwenye waya, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Huyo fundi anayekuambia kunakili si usanii hayuko peke yake. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, ambaye miaka ya 1950 alichora kwenye kuta za kanisa la Murang'a maisha ya Yesu akiwa Mwafrika kati ya Waafrika, aliwaonya wasanii wasiige, akisema kuiga humlaza Mungu usingizi. Namheshimu sana mzee huyo na naamini alikuwa sahihi kwa jambo alilokuwa analisema: mtu kugeuza kazi ya mwingine kuwa kazi yake ya maisha. Ila yeye mwenyewe alikwenda Makerere akajifunza mkono kwanza. Nakala yako usiisaini kama yako, wala usiiuze kama ubunifu. Nyuma ya ubao andika kwamba ni zoezi kutoka kwa Leonardo, na mwaka. Siku ukitaka kuwaweka mitume hao ufukweni Igombe, na sangara mezani, utajua wapi mkono wa Petro upite.

Ukimaliza mafungu manne na Yesu, kila moja kwenye ubao wake, ndipo urudi kwenye gunia zima. Robo ya ukubwa wa ukuta ni sentimita 115 kwa 220, na shiti moja la plaiwudi la futi 4 kwa 8 linakutosha na linabakisha. Watengenezaji walikuta ukutani tundu la msumari kwenye panja la Yesu, upande wake wa kulia, na mistari yote ya dari na kuta inakimbilia hapo. Piga pini mahali hapo, funga uzi uliopakwa chaki, uvute na kuuachia kama unavyopiga mistari ya bango. Chumba kitajijenga chenyewe kwa nusu saa. Nyuma ya kichwa chake acha dirisha lenye mwanga. Kisha nyuso, mwisho kabisa chakula na vyombo.

Utafika chini ya meza, na hapo itabidi uamue kuhusu mlango wa 1652. Wengine wanauchora kama ulivyo, tao lililozibwa chini katikati ya meza. Mimi nilimrudishia miguu, nikaichukua kwa Giampietrino, na paroko alipoiona aliinama akaitazama kwa muda mrefu kuliko nyuso zote. Nitumie kwanza picha ya lile fungu la kahawia, kabla hujafungua tyubu ya nyekundu.